Nilikalishwa Benchi Robo Fainali, na Kesho Wanakuja na Mahari

Admin, nifiche tafadhali. Najua wapenzi wa mpira wengine watanitambua tu, lakini wacha, nimechoka kunyamaza. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, kwetu ni Subukia, na huchezea timu ya taifa ya wanawake. Penalti za timu hupigwa na mimi. Sijisifu, ndivyo ilivyo.

Kabla tusafiri kwa mashindano, wazee wa kwetu na wa mchumba wangu walikaa wakapanga ruracio, ile siku ya kuleta mahari. Nikawaambia hiyo Jumamosi ni ya nusu fainali. Wueh, walicheka! Mjomba akasema, "Nyinyi? Si mtatolewa mapema mrudi nyumbani kama kawaida." Hata baba alicheka. Tarehe ikabaki hapo. Na kwetu ruracio haiendi bila msichana mwenyewe. Kabla mtu aguse chakula, babake humwita mbele ya wote amuulize kama vitu vya hao wageni viliwe ama visiliwe. Akisema viliwe, amekubali kuolewa. Akikosekana, hakuna sherehe.

Basi Mungu si Athumani, tukapita makundi, na mimi nikifunga. Robo fainali tukapangwa na wenyeji. Asubuhi ya mechi kochi, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, akanivuta kando. "Wewe leo hauchezi. Usiniulize." Nilikaa benchi jezi ikiwa kavu, nikiona wenzangu wakipigana. Tulitangulia, wakasawazisha dakika za mwisho, muda wa ziada ukaisha, tukaingia penalti. Yangu, ile ya mwisho, akapewa dada mdogo kabisa kwa timu. Ikagonga mwamba. Wenyeji wakapita, na yeye akalala pale kwa nyasi akilia mpaka tukambeba.

Hotelini nikamfuata kochi, nikamuuliza nilimkosea nini. Akaniangalia kwa huruma. "Hujanikosea. Mamako alinipigia akasema una mimba changa na unaificha. Alinisihi nisikuulize, ati ungekana ili ucheze." Jameni! Mimi sina mimba. Sina! Kochi alishika kichwa.

Kufika nyumbani sikusalimia mtu. Nikamkuta mathe nje anachambua mchele wa wageni. Hakukana hata kidogo. "Ulitaka nifanye nini? Watu wameitwa, hema tumekodi. Kwani mpira utakuoa?" Nikamuuliza nani mwingine anajua. "Muulize huyo mchumba wako. Yeye ndiye alinipatia namba ya kochi. Aliitoa kwa simu yako."

Hapo ndipo niliisha. Huyu mtu amekuwa akija kuniona mazoezini Nakuru, ananibebea maji, ananiita nahodha wangu. Baada ya ile mechi alinitumia meseji, "Pole mpenzi, Mungu ana mipango yake." Mungu gani? Ni wao wawili walipanga! Nilipompigia hata sauti haikutetemeka. "Si nilifanya hivyo kwa sababu nakupenda? Mngeshinda mngeenda mpaka fainali, na sisi tungengoja mpaka lini?" Nikakata simu.

Na kuna yule dada aliyekosa penalti. Mitandaoni wanamtukana vibaya, wengine wanamwambia arudi shambani akapalilie viazi. Amezima simu. Nikisema ukweli nitamsafisha, lakini nitakuwa nimemvua mathe nguo mbele ya wazee wa kina mume. Baba hajui lolote, na namjua baba yangu. Akisikia, hiyo nyumba haitakalika.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba bado nampenda huyu mwanaume. Nikikumbuka miaka yetu nalia. Nikikumbuka lile benchi, nataka hizo mbuzi zake za mahari nizifukuze mpaka barabarani. Dada yangu mkubwa ananiambia nimeze tu, ati wanaume wote wana mambo yao na huyu angalau hanipigi. Aki, hicho ndicho kipimo siku hizi?

Kesho saa tano wanafika. Mashangazi washaanza kupika, na mathe anapita akiniita bibi arusi kana kwamba hakuna kitu. Baba atanisimamisha mbele ya watu wote aulize kama viliwe ama visiliwe, na watanyamaza wanisikize. Nyinyi mnaosoma hapa, hasa mliowahi kuuzwa na mtu wa nyumbani, niambieni. Nimjibu nini?