Ntumba za Mama na Kibao cha Halmashauri

Harufu ya majani yanayooza chini ya udongo mbichi, kwangu mimi, ni harufu ya Kwaresima. Ndicho kipindi ambacho huku Ufipa mvua zinaelekea ukingoni, na sisi wa Kasense tulikuwa tukigeuza majani pamoja na udongo wake kuwa vilima vya mviringo, vya kufika magotini, tunavyoviita ntumba. Juu yake unapanda maharage. Mvua mpya zikija unazitawanya zile ntumba, majani yameshakuwa mbolea, nawe unapanda mahindi au ulezi. Hakuna mtu wa ofisini aliyetufundisha hayo.

Mwaka niliokuwa nikijiandaa kwa Komunyo ya kwanza, halmashauri ilituletea bwana shamba kijana, mwenyeji wa Mbeya. Alisimama kando ya shamba letu, akazitazama ntumba zilivyoshuka hadi mtoni.

"Shikamoo mama. Mmezika watu wangapi hapa?"

"Marahaba. Tumezika majani, mwanangu," mama akajibu bila kuacha jembe. "Yatafufuka."

Jirani yetu Mama Sabina alicheka mpaka khanga ikamdondoka. Bwana shamba hakucheka. Alikuja na amri: ntumba zote zisawazishwe, yachimbwe matuta marefu yaliyonyooshwa kwa kamba, yapandwe mahindi ya kisasa. Mwisho Jumatatu.

Majirani walitii mmoja mmoja, hata Mama Sabina. Mama alikataa. Alikuwa mjane, na maharage yaliyokwisha kuchipua juu ya zile ntumba ndiyo yaliyokuwa mboga yetu ya mwaka mzima.

Mimi niliogopa. Katekista alitufundisha kwamba anayekaidi mamlaka amemkaidi Mungu, basi nikawa namwombea mama asije akaenda motoni. Siku nilipomwambia, aliweka jembe chini.

"Mungu ndiye aliyenipa matumbo yenu niyalishe," alisema. "Halmashauri haikuwepo siku hiyo."

Jumatatu wakaja wanaume sita na majembe, bwana shamba akiwaongoza. Mama alikuwa ameketi juu ya ntumba ya kwanza, rozari mkononi.

"Matuta yenu siyakatai. Ninachokataa ni kuambiwa shamba langu halina akili. Bwana shamba, shika jembe, tengeneza ntumba moja. Ikisimama, bomoeni zote."

Akashika. Ya kwanza ikamomonyoka, ya pili vilevile.

"Bwana shamba, kwenu mnalimia kijiko?" mmoja wa wale sita akapiga kelele, na wenzake wakaegemea majembe kwa kicheko. Mama akainuka, akamshika kiganja kama alivyokuwa akinishika mimi, akamwonyesha: majani yalale ndani, mizizi itazame juu. Jua lilipofika utosini, kijana yule, jasho likimtiririka, aliwaambia wanaume warudi makwao.

Wiki iliyofuata alileta kibao: SHAMBA LA MAJARIBIO. Mama alikasirika kuliko siku ya amri.

"Majaribio? Bibi yangu alishamaliza kujaribu!"

Akaking'oa, akakitupa bandani, kuku wakalala juu yake. Bwana shamba akakirudisha kwa mikono yake. "Mama, nakuomba. Kiache tu." Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye shida, kwa hiyo mama akakiacha, ingawa kila akipita alikisonya. Nami nilikisonya pia. Niliamini serikali imetuibia.

Miaka mingi baadaye nilichaguliwa katika kamati ya maendeleo ya kata, nikajifunza jinsi amri inavyoshuka na jinsi inavyokwama. Shamba likishaandikwa la majaribio, hakuna mwenye ruhusa ya kulisawazisha. Kijana yule aliipinga amri ya wakubwa wake kwa karatasi yao wenyewe, akijua kazi ingeweza kumponyoka. Alihamishwa kabla sijapata akili ya kumshukuru.

Siku hizi maofisa wanatuitia semina za ubunifu. Nakaa mbele, nawasikiliza kwa subira, na wakimaliza nawauliza ni mkulima gani aliyewafundisha jambo mwaka huu. Wakinyamaza, sitii sahihi kwenye taarifa yao ya semina. Mwenyekiti wa kamati amenionya mara mbili. Namwombea yeye pia.