Mpafu wa Bondeni na Jina Nililompa Babu

Jirani yangu hapa Mbeya hufukiza ubani kila Alhamisi alasiri. Moshi wake unaruka ukuta na kuingia jikoni kwangu bila hodi, nami huacha ninachofanya, kisu mkononi, nikanusa. Si ubani wote unaonishika hivyo. Ule wa dukani, wa kutoka ng'ambo, naupita tu. Lakini mara mojamoja jirani hupata ule wa kienyeji, madonge meupe yenye vumbi, yanayonukia ganda la limau lililochanganywa na tapentaini. Hapo kitunguu huungua, na mimi nakuwa niko Masukulu kijijini kwa babu, nina miaka tisa na miguu peku.

Nawaambia ninyi kwa sababu hamnijui. Wanaonijua wanajua tu kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Muuza nyanya akinichagulia mwenyewe, nazimwaga zote nione za chini. Mume wangu husema ningeolewa na kufuli tungeelewana. Huwa nacheka, ila sijawahi kumweleza tabia hii niliitoa wapi.

Bondeni kwa babu, pale shamba la migomba lilipoishia na kijito kuanza, palikuwa na mpafu mmoja. Shina lake lilinyooka kwenda juu bila tawi mpaka shingo yako inauma, na gome lake lilibanduka vipandevipande. Matunda yake yalikuwa meusi na magumu. Ulikuwa unayaloweka kwenye maji ya vuguvugu mpaka nyama yake ilainike, kisha unayala na chumvi na mdomo unabaki na mafuta siku nzima. Tuligombania matunda hayo na ndege hondohondo, na mara nyingi hondohondo walishinda. Wazee walisema zamani mipafu ilikuwa mingi kuteremka na kijito chote. Mimi niliukuta huo mmoja.

Miaka hiyo ilikuwa ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka ya Tukuyu, ambayo mama alikuwa anayaelezea kama makaburi yenye rafu, yalijaa sabuni, betri na vitambaa vya kung'aa. Pamoja na sabuni wakaja watu. Kila wiki alipita mgeni akiulizia kitu: mmoja anataka ndizi lori zima, mwingine mawe ya rangi, mwingine mbao. Kwa kuwa kwetu Wajerumani waliwahi kukaa, kila mgeni aliyesimama karibu na mti mkubwa alisemwa anatafuta sanduku la rupia walilofukia. Mtu akijisaidia nyuma ya mti, kesho yake watoto wamechimba. Tulikuwa tunamshuku kila mtu, na kwa kweli ilikuwa raha.

Tuliyemshuku zaidi hakuwa mgeni hata kidogo. Aliitwa Hamadi. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza karabai na majiko ya mafuta sokoni Tukuyu, na pembeni aliuza ubani. Babu yake ndiye aliyetoka pwani. Yeye alizaliwa mjini pale pale na Kinyakyusa chake kilikuwa kizuri kuliko cha mwalimu wetu. Kila kiangazi alikuja kwa babu na paketi ya sukari, akaomba ruhusa, akateremka bondeni na patasi na kopo. Alilichanja gome mishazari, upande mmoja tu kwa mwaka, akaondoka. Baada ya wiki mbili alirudi kukwangua utomvu ulioganda. Nilikuwa najificha kwenye magugu nikimtazama. Aliugonga mti kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Alisema bismillahi kwa sauti ya chini kabla ya kila chanjo. Mimi niliona mtu anayenuia jambo. Nikawaeleza wenzangu, wao wakawaeleza mama zao, na kabla ya mvua kila mtu alikuwa na hakika kwamba Hamadi anaupima mti ili auuze, au kuna kitu chini yake, au vyote viwili.

Sasa niwaeleze kazi yangu. Kwetu, mke wa mtu hamtazami baba mkwe wake. Hasemi naye, halitaji jina lake, hali naye. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke anaingia migombani, anageuza uso na kungoja mzee apite. Mama yangu aliishika heshima hiyo kwa ukamilifu. Baba alikuwa Chunya kwenye dhahabu, bibi alikuwa amefariki, basi mama na babu waliishi boma moja miaka na miaka bila kutazamana. Mimi ndiye niliyekuwa posta. Mama anasema jikoni, "Mwambie babu yako ng'ombe amekataa majani." Nakimbia, natoa neno. Babu anasema, "Mwambie mama yako ampe chumvi." Narudi mbio. Nilijivuna sana na kazi hiyo. Watu wazima wawili hawakuweza hata kugombana bila mimi.

Siku moja mama alitoka bondeni na mzigo wa majani, akautupa chini kabla ya kufika zizini. Alikuwa anahema. Nyumbani tulisema Kinyakyusa, lakini maneno yake nawapa kwa Kiswahili.

"Nenda kwa babu yako sasa hivi. Mwambie Ambakisye yuko bondeni na mtu wa mbao, wanauzungushia mpafu kamba. Litaje jina. Usiache jina, umesikia gwe?"

Ambakisye alikuwa baba yangu mdogo, kitindamimba wa babu. Alikuwa anakwenda Dar na kurudi, alinukia mafuta ya nywele, na Krismasi iliyopita aliniletea viatu vya plastiki vyekundu, vya kwanza katika maisha yangu. Alikuwa ananiita dada mkubwa. Kutoka jikoni hadi kwa babu ilibidi kupita kwenye mibuni, na katikati ya mibuni ile nilipunguza mwendo. Niliogopa. Babu alikuwa mzee wa kanisa na mkali, na ule mpafu aliachiwa na baba yake kwa neno moja tu, kwamba usikatwe. Ningelitaja jina, baba mdogo angefukuzwa nyumbani.

Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachana mianzi ya kufuma tenga.

"Babu, mama anasema kuna mtu bondeni, anauzungushia mpafu kamba."

"Mtu gani?"

"Yule wa ubani."

Kisu cha babu kilisimama katikati ya mwanzi. "Nilijua," akasema. "Siku nyingi nilijua." Alichukua fimbo akateremka. Ambakisye na mwenzake walikuwa wameshapanda upande wa pili, babu akakuta nyayo tu, akazitazama kwa muda mrefu. Nyayo hazina jina. Alizipa lile nililompa.

Siku ya tatu Hamadi mwenyewe akaja, masikini, na sukari yake mkononi. Babu hakumkaribisha kiti.

"Usikanyage tena hapa na kamba zako," babu alisema.

"Kamba gani, mzee wangu? Mti huu ndio unga wa watoto wangu. Nitaupima niukate, halafu wale nini?"

"Kapime ya kwenu."

"Kwetu ni wapi, mzee? Baba yangu amezikwa hapo mjini. Hata wewe ulikuja kuzika."

Babu alimpokonya ile sukari, akamrushia. Paketi ilipasuka uani, kuku wakaja. Hamadi aliinama kidogo kama anayetaka kuiokota, akabadili mawazo, akaenda zake. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko na mama alikuwa nyuma yangu. Alinishika bega.

"Ulimwambia nini babu yako?"

"Ulivyonituma."

"Ulisema Ambakisye?"

"Nilisema."

Alinitazama mpaka masikio yakawaka moto. Kisha akanituma tena, maneno yale yale, na jina alilirudia mara mbili. Nilikwenda hadi kwenye mibuni. Nilisimama pale nikahesabu mpaka hamsini, nikarudi, nikasema babu amesikia. Mama hakuwa na mtu mwingine wa kumtuma. Neno la aibu juu ya mtoto wa mzee huwezi kulipeleka kwa mdomo wa jirani, na yeye mwenyewe hakuruhusiwa.

Wiki iliyofuata babu alikwenda msibani Kisondela. Nilikuwa darasani tuliposikia mngurumo kutoka bondeni, mwembamba na wa hasira, ukipanda na kushuka. Wengi wetu hatukuwahi kusikia msumeno wa injini. Mwalimu alidhani ni pikipiki. Halafu pakawa kimya, halafu ardhi ikatikisika chini ya madawati, na hondohondo wakapita juu ya paa wakipiga kelele. Harufu ilifika baada ya muda kidogo. Harufu ile ya limau na tapentaini, lakini nyingi kuliko ubani wowote, iliingia madirishani ikajaa darasa zima, na watoto wakasema inanukia vizuri. Mimi nilitapika.

Babu alirudi alasiri. Aliteremka bondeni moja kwa moja, na nilipomfuata kwa mbali nilimwona ameweka kiganja juu ya kisiki, utomvu unamshika vidole. Magogo yalikuwa yameshapakiwa. Alipopanda aliingia ndani, akatoka amevaa koti la kanisani, na mkononi ana panga.

"Nakwenda mjini kwa Hamadi," alisema, kama anayejiambia mwenyewe.

Nilitaka kupiga kelele. Mdomo haukufunguka, na hadi leo inaniuma kwamba haukufunguka.

Mama alitoka jikoni. Hakwenda migombani. Alisimama katikati ya njia, kanga imemwangukia mabegani, kichwa wazi, akamtazama babu usoni. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliuona uso ule.

"Tata," alisema, yaani baba, "weka panga. Hamadi hajaugusa mti wako. Ni Ambakisye. Nilimwona kwa macho yangu, na kamba mkononi."

Babu alirudi hatua moja, kana kwamba ni yeye aliyekosa adabu.

"Kwa nini sikuambiwa?"

Nilikuwa kando yao, hatua mbili tu. Mama hakugeuka kunitazama.

"Nilituma vibaya. Sikulitaja jina, mtoto akabaki kukisia. Kosa ni langu."

Panga likaanguka. Babu aligeuza uso, akaingia migombani, yeye, mzee mwenye boma, na tukamsikia huko ndani analia kama mtu aliyefiwa.

Wanawake wa kijiji hawakumsamehe mama upesi. Kisimani walinyamaza akifika. Walisema mwanamke anayemkazia macho mkwe atamkazia macho nani mwingine. Babu mwenyewe hakutaka kesi. Alisema kuanzia siku hiyo mama aseme naye moja kwa moja, na mimi kazi yangu ikaisha. Ambakisye alibaki Dar. Alituma redio, haikuwahi kuwashwa. Babu alikwenda mjini kwa miguu kumwomba Hamadi msamaha, na Hamadi akampa chai, akasema yameisha. Hakuja tena Masukulu. Hapakuwa na kilichobaki cha kumleta.

Nilikuwa mtu mzima, na watoto wangu, nilipopata ujasiri wa kumwuliza mama kwa nini alijitwika kosa langu. Alikuwa anamenya ndizi, hakusimamisha kisu.

"Mimi ningekuwa mkwe asiye na adabu," alisema. "Wewe ungekuwa mtoto aliyetaka kumuua Hamadi. Uliona lipi ni jepesi?"

Miaka mingi nilijiambia nilidanganya kwa kumpenda baba mdogo na viatu vyake vyekundu. Ni maelezo mazuri, yanamfaa mtoto, na mtu angeyasikia angenionea huruma. Lakini si ya kweli, na hilo nimelikubali juzijuzi tu. Ningetaka kumficha Ambakisye ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ni mgeni wa lori. Wageni walikuwepo tele. Nilimtaja Hamadi kwa sababu pale kwenye mibuni, kwa miaka yangu tisa, nilishajua ni jina gani babu atalipokea bila kuniuliza mara ya pili.