Majina ya Ndege kwa Mtoto wa Protus

Wakala wa Nairobi alimwambia Protus Wekesa kwamba anakwenda Saudia kuwa Afisa wa Usafiri wa Familia. Alipofika Riyadh akakabidhiwa gari, watoto wanne wa kupeleka shule na kikapu cha madam cha kubebea ndizi. Yaani alikuwa dereva, kama alivyokuwa dereva kwao Bungoma, ila sasa alifunga tai kwenye joto la kukaanga yai. Hata hivyo hakumlaani wakala sana. Lile neno Afisa lilimkaa vizuri, na mama yake, Rispah, alikwisha kulitangaza kanisani.

Raha ya kazi ile ilikuwa Jumamosi. Kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, mzee Abu Rakan, alikuwa na ndege ndogo ya zamani kwenye klabu moja nje ya mji, na Protus ndiye aliyeiosha. Ilikuwa ya viti vinne, pana kidogo kuliko gari la Probox, na ubavuni iliandikwa Cherokee. Abu Rakan alipenda kusimulia habari za ndege, na kwa kuwa jamaa zake walikwisha kumkimbia, akamsimulia dereva. Ile pale ni Bonanza. Ile yenye injini mbili ni Baron. Comanche, Apache na Aztec ni majina ya makabila ya huko Amerika.

"Wenyewe waliombwa ruhusa, bosi?" Protus akauliza.

Abu Rakan akacheka mpaka kilemba kikamteremka. Protus naye akawaza kwamba ndege zingeundwa Bungoma, lazima moja ingeitwa Bukusu, kama kabila lake, na ingekuwa na mahali pa kufungia kuku.

"Na ile nyeupe?"

"Ile ilianza na namba tu, mia na sabini na mbili. Wakaipaka rangi ya kupendeza, wakayavika magurudumu yake vifuniko, wakaiita Skyhawk na kupandisha bei."

"Na injini?"

"Ileile. Watu hawanunui namba, Protus. Wananunua jina."

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakuwahi kuuza ndege.

Sasa, Protus alikuwa amemwacha mkewe, Emmaculate, na mimba changa. Mtoto akazaliwa, mvulana, mapafu mazima. Alilia asubuhi, akalia mchana, akawalaza majirani macho. Kwao mtoto wa namna hiyo huhesabiwa kuwa anadai jina. Wazee humtajia wafu wa ukoo mmoja mmoja, na yule atakayemnyamazisha ndiye atakayemrithi. Rispah alikuwa amewapitia karibu wote, na mtoto hakuwajali. Aliyebaki ni Makokha.

Makokha alikuwa babu yake Protus. Aliondoka kwenda Kampala kutafuta kazi, akaahidi kurudi wakati wa mavuno, ila hakusema mavuno ya mwaka gani. Walipochoka kungoja wakazika mgomba badala yake, mgomba ukaombewa kwa heshima zote, na mchungaji akala kuku wa watu. Baba yake Protus aliingia kaburini akiwa bado amemkasirikia. Protus hakutaka hata kulisikia jina lile. Aliona aibu kulitaja, na zaidi ya aibu, aliliogopa.

Hofu ile ilikuwa na sababu. Alikuwa amekwisha kumwambia Abu Rakan kwamba mkataba ukiisha ataongeza mwingine, na labda mwingine tena. Nyumbani alilidokeza jambo hilo kwa Emmaculate tu, tena kwa haraka, kabla simu haijakatika.

Basi akaamua kwamba mwanawe atapewa jina lisilo na mzimu, na majina ya namna hiyo alikuwa akiyaosha kila Jumamosi.

Wiki ile Abu Rakan alikuwa na harusi ya mpwa wake Jeddah, na Protus akamwendesha. Ijumaa akapata nafasi ya kwenda mtaa wa Sharafiya, kwenye mkahawa walimokula Wakenya, akakaa na Robinson, mlinzi wa kutoka kwao. Simu ikawekwa mezani kati ya sahani za wali, sauti juu kabisa. Kilio cha mtoto kikajaa mkahawani.

"Mama, niachie mimi," Protus akasema. "Niko na majina. Baron!"

Mtoto akalia.

"Bonanza! Comanche!"

Mtoto akazidisha.

"Jaribu ile ya bei ghali," Robinson akashauri.

"Skyhawk!"

Akalia kama aliyefinywa.

"Cherokee!"

"Nani?" Rispah akang'aka. "Cheroki? Huyo ni mwanamke gani wa hawa jirani zetu Wasabaoti umepata huko, Protus?"

Mkahawa mzima ukaangua kicheko. "Ni ndege, mama!"

"Ndege? Mjukuu wangu nimwite ndege, ndiyo naye aruke aende? Halas na huo upuzi wako!" Neno halas, yaani basi, alikuwa amelizoea kwa mwanawe. Kisha akaita kwa sauti ya kanisani: "Makokha!"

Mtoto akanyamaza. Kule Bungoma vigelegele vikapigwa. Protus akautazama wali wake na njaa yote ikamwisha.

Jioni Emmaculate akapiga simu mwenyewe.

"Umenuna," akasema.

"Mtoto amechagua. Nitafanya nini?"

"Mtoto hajachagua kitu. Nilimpa titi."

"Ulifanya nini?"

"Alikuwa na njaa, na nyinyi mnamsomea majina. Mama aliposema Makokha, nikampa."

"Emma! Na unajua vile nachukia hilo jina!"

"Ndiyo maana. Tungemwita Baron, ungekaa huko ukijisifu mpaka aote ndevu. Sasa kila Ijumaa utamwita Makokha na mdomo wako mwenyewe. Huyu mtoto hajaenda mahali, Protus. Anayefanana na yule mzee ni wewe."

Kilichomjia Protus ni ile Skyhawk, rangi ya kupendeza na vifuniko vya magurudumu, na injini ileile.

Ijumaa kadhaa alimwita mtoto "kijana", akamwita "bosi mdogo", akazunguka jina kama mtu anayekwepa mbwa. Siku moja mtoto akacheka kwenye simu, na jina likamtoka lenyewe. Protus akalia palepale, kwenye mtaa wa Shumaisi huko Riyadh, mbele ya watu aliokaa nao chumba kimoja, wala hakujificha.

Jumamosi iliyofuata, akiwa na kitambaa mkononi chini ya bawa la Cherokee, akamwambia Abu Rakan kwamba mkataba ukiisha hataongeza.

"Kwa nini? Mshahara mdogo?"

"Hapana, bosi. Makokha ananiita."

"Makokha ni nani?"

Protus akakamua kitambaa. "Ni babu yangu. Alipotelea Kampala, tukazika mgomba. Sasa ameonekana nyumbani, hana hata jino moja, na anataka nimbebe."