Mama Aliyemwonea Wivu Mwenye Mzimu

Jumamosi mchana nilikuwa ukumbini hapa Mpanda, madirisha yamefunikwa mablanketi, tukitazama sinema ya Kizungu ya nyumba yenye mzimu. Baba na mama wamefiwa na binti yao. Sasa nyayo zake zinasikika vyumbani na milango inafunguka yenyewe, nao wanafungasha mizigo wakimbie. Ukumbi mzima ulipiga mayowe, nami nikang'ang'ania benchi.

Mbele yangu walikaa mume na mke, wakulima wa Ilembo, ambao surua iliwachukulia binti yao masika yaliyopita. Mama yule hakupiga mayowe. Alisimama, akainyooshea kidole ile shuka nyeupe ya sinema.

"Mwenzangu karudishiwa mtoto, halafu anamkimbia!"

"Kaa mama, ni sinema tu," mtu akamwambia.

"Najua ni sinema. Lakini wa kwake anakuja. Wangu hajanijia hata ndotoni."

Watu wakacheka. Mumewe hakucheka. Alimvuta khanga taratibu, akamketisha, akamwambia kwa sauti ya chini, "Unadhani ni kwa nini siku hizi usiku mlango siutii komeo?"

Mama akamgeukia, akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Wakatoka wameshikana mikono, jambo ambalo watu wazima wa huku hawalifanyi mbele za watu.

Nimewahi kuwaonea watu wivu kwa baiskeli, kwa redio, hata kwa shamba la tumbaku. Siku ile niliwaonea wivu wale wawili. Mimi na mke wangu tulimzika mtoto wetu miaka minne iliyopita, na hadi leo hatujalitamka jina lake.