Tungoje Bei Kwanza

Kwetu kuna vitu viwili ambavyo havitolewi kwa pupa: mahindi, na mtoto aliyefaulu. Shamba letu liko nje kidogo ya Eldoret, kwenye barabara ya Moiben, na baba yangu amelilima tangu kabla sijazaliwa. Kila mwaka baada ya kuvuna, majirani huuza mapema ili walipe karo, naye huwatazama kwa huruma kama wagonjwa waliokataa dawa. Yeye hufunga stoo, hutia ufunguo mfukoni na kusema bei itapanda. Kuna miaka imepanda kweli. Kuna miaka mingine mahindi ya nje yaliingia sokoni, tukabaki na stoo yenye dumuzi walionenepa kuliko sisi. Miaka hiyo haizungumzwi nyumbani.

Baada ya kumaliza kidato cha nne nilipata balaa la kufaulu mara mbili. Chuo kikuu kiliniita nikasomee uhandisi wa umeme. Chuo cha kijeshi kule Nakuru nacho kikaniita nikafunzwe uafisa. Kwa asiyejua, njia zote mbili zingeweza kunifikisha jeshini. Ukienda chuo cha kijeshi unaingia raia, unanyolewa, unafokewa miaka kadhaa, halafu unatoka luteni. Ukienda chuo kikuu unasoma kwanza kwa raha zako, na ukishapata digrii unaomba kuingia kama afisa mtaalamu, ikiwa nafasi zipo na umri haujakutupa mkono. Tofauti kubwa ni lini unaanza kufokewa.

Mimi nilikuwa nimeshaamua. Nilitaka chuo cha kijeshi, na sababu yangu haikuwa uzalendo, ingawa ndio niliowaambia wale maafisa walionihoji. Nyumbani kwetu kila mtu alikuwa kamanda. Baba aliamuru, Mama akatengua, shangazi akapiga simu kutengua alichotengua Mama. Nilikuwa nimesikia kwamba jeshini anayeamuru ni mmoja, na akishasema amesema. Kwangu mimi hayo yalikuwa mapumziko.

Lakini hakuna aliyeniuliza. Jambo kubwa kwetu haliamuliwi na mwenye jambo, huundiwa kamati. Baba alikuwa mwenyekiti kwa kuwa sebule ilikuwa yake. Mama, mwalimu wa shule ya msingi, akawa katibu kwa ajili ya mwandiko wake mzuri. Mjomba alitoka mji mdogo wa Ziwa kuja kuwa mshauri wa mambo ya ulinzi, maana ni sajini mstaafu. Mama wa duka la hapo njiani, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Nyeri na ambaye amenijua tangu nikitumwa chumvi, alifanywa mweka hazina, ingawa hazina yenyewe haikuwepo. Mimi nilipewa birika.

Mkutano wa kwanza ulifunguliwa kwa maombi marefu, kisha vita vikaanza. Mjomba alisema chuo kikuu ni mahali pa kushinda njaa na kungoja migomo iishe, ilhali jeshini viatu ni vya bure na chakula kiko mezani. Mama akamjibu kwamba injinia akifukuzwa jeshini anabaki injinia, lakini afisa mtupu akifukuzwa anabaki na saluti tu, na saluti haipikwi. Mjomba aliinamia kikombe chake kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amebaki na saluti. Mama wa duka akauliza ni wapi wanaanza kulipa mapema. Hilo lilionekana swali la busara kuliko yote, nikaombwa niongeze chai.

Baba alisikiliza akiwa amefumba macho, halafu akatoa uamuzi. Tungoje.

Alieleza polepole, kama anavyowaeleza vijana wasiojua kilimo. Wanunuzi wawili wakifika kwenye stoo yako wiki moja, ni ishara kwamba bidhaa ni adimu. Ukiuza hapo, wewe ni mjinga. Ukitulia, atakuja wa tatu. Huenda chuo cha ng'ambo kikasikia. Huenda jeshi lenyewe likaogopa kunipoteza, likasema basi njoo tukufundishe urubani. Nilidhani Mjomba, mtu aliyelitumikia jeshi hilo maisha yake yote, angecheka. Mjomba akasema hoja hiyo ina uzito.

Basi tukangoja. Watu wa kanisani walipomuuliza Baba nitaenda wapi, aliwajibu kwamba bado anaangalia soko. Mjomba, asije akaonekana mshauri wa bure, aliniamsha kila alfajiri nikimbie kwenye barabara ya murram. Nilikuwa nimeshapimwa, nimeshahesabiwa meno, nimeshapita, lakini kukimbia Eldoret ni jambo la heshima ya familia. Wanariadha waliokuwa wakifanya mazoezi walinipita wakizungumza, wakarudi na kunipita tena. Mimi hukimbia kama mtu anayemfukuza ng'ombe asiye wake. Mjomba alipiga firimbi kwa nguvu zaidi, akidhani tatizo ni kusikia.

Wakati huohuo, mahindi yalikuwa stoo. Mfanyabiashara mmoja alitoka Moi's Bridge na lori, akataja bei, Baba akamcheka. Alirudi na bei ya chini zaidi, Baba akamcheka kidogo. Mara ya tatu hakurudi. Kila asubuhi Baba aliingia stoo, akatia mkono ndani ya gunia, akanusa, akatoka. Niliona wazi kwamba mimi na mahindi tuko katika hali moja, isipokuwa mahindi yalikuwa yakijuliwa hali kila siku. Nilimwonea Baba hasira, na nilikuwa na hofu pia, maana chuo cha kijeshi hakina desturi ya kumfuata mtu na lori.

Mkutano wa mwisho ulikuwa Jumapili baada ya kanisa. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kuripoti Nakuru, na kila mtu aliijua tarehe hiyo, ila waliizungumza kama tarehe ya mazishi ya mtu wa mbali. Mama alikuwa amechoka. Alisema kwa sasa yuko tayari nipelekwe popote, mradi pasiwe stoo. Mjomba akapendekeza jeshi liombwe wiki mbili za nyongeza, jinsi mtu anavyoomba chama cha akiba kimvumilie. Baba aliliona pendekezo hilo zuri sana. Aliuliza kama kuna mengineyo.

Niliweka birika chini.

"Baba, mimi si mahindi," nikasema. "Kesho jioni wanafunga geti. Na hiyo ya jeshi ndiyo nataka."

Mama wa duka alirudisha kikombe mezani bila kunywa. Mama aliacha kuandika. Baba alinitazama kwa muda mrefu, na sikuona hasira usoni mwake. Niliona mtu anayejaribu kukumbuka kama aliwahi kuniuliza. Kisha akamwomba Mjomba afunge kwa maombi. Mjomba, kwa kuchanganyikiwa, aliomba mvua inyeshe, na mvua ilikuwa ikipiga mabati hata hatukumsikia vizuri. Nilikwenda kulala nikijua nimemvunjia Baba heshima mbele ya kamati yake, na nikalia.

Asubuhi nilikuta stoo iko wazi. Pikapu ya jirani ilikuwa uani, imejaa magunia, na Baba alikuwa akifunga turubai. Ndipo nilipoelewa kwamba nauli yangu, viatu vyangu vyeusi na sanduku la chuma nililotakiwa kwenda nalo, vyote vilikuwa ndani ya stoo ile muda wote. Hakuwa na pesa mahali pengine popote. Mama alinipa kikombe cha mursik. Kwa kawaida maziwa hayo hupewa anayerudi na ushindi, lakini alisema amechoka kungoja mambo, ninywe kabisa.

Tulishuka mjini kwa pikapu ile. Mnunuzi wa nafaka alimjua Baba kwa miaka mingi, na alipomwona alivuta kiti na kuagiza chai, kwa kuwa kununua mahindi kwa Baba ni kazi ya kutwa. Kuna mwaka walibishana mpaka mnunuzi akafunga duka na kumwacha Baba nje na magunia yake. Mnunuzi alitoboa gunia kwa chuma cha kuchotea punje, akapima unyevu, akataja bei ya kuanzia. Ilikuwa bei ya matusi, na wote wawili walijua, kwa kuwa ndivyo mchezo unavyoanza.

Baba alitazama saa yake, akasema sawa.

Mnunuzi alibaki na kikombe mkononi. Alirudi kwenye gunia, akapima tena. Akatoboa gunia jingine la chini kabisa, akanusa punje, akaitafuna, akaitema kiganjani na kuichunguza. Alimtazama Baba, akanitazama mimi na koti langu la kanisani, akamrudia Baba.

"Mzee, hebu niambie ukweli. Hii mahindi iko na shida gani?"

"Mahindi haina shida," Baba akasema. "Ni mtoto anachelewa."