Kibao cha Hakuna Utani

Wasichana wawili wa mtaani kwetu walikuja juzi kuniuliza namna ya kuanza kuuza vitumbua. Nikawajibu kwa kirefu mpaka wakaanza kutazamana. Niliwaambia waloweke mchele mapema, wautwange wakiwa na akili zao zote, wasibanie nazi, na mchele wa kesho wasiuguse leo hata akija mgeni kutoka Maka. Hayo hata mama zao wanayajua. Lile moja lililonikaa moyoni sikuwaambia, maana ni refu, tena kila nikilikumbuka nacheka halafu naona haya. Bora niliandike.

Nilianza biashara nikiwa na miaka kumi na tisa, pale Naliendele, kando ya njia ya malori ya Mpapura. Uhuru ulikuwa bado mchanga na mimi nilikuwa mchanga zaidi. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kuendelea, lakini ndoto hazikuwa zimeniacha. Hoteli yangu ya Shangani, kule mjini, nilikuwa nimeshaiona yote: meza nne, vitambaa vya maua, redio juu ya kabati. Kwa wakati ule nilikuwa na kibanda cha makuti, mafiga matatu, na kikaango cha chuma chenye vishimo saba. Kikaango alinipa shangazi, ambaye nilikuwa naishi kwake.

"Huyo ndiye mume wako wa kwanza," aliniambia. "Ukimpoteza utaolewa na njaa."

Naikumbuka harufu ya asubuhi zile. Msimu wa korosho, mabibo yalianguka yakachacha chini ya miti, harufu yake ikachanganyika na iliki ya kwenye bakuli langu. Vibarua walipita wakielekea mashambani, na akina mama walipita na mihogo vichwani wakielekea mjini. Kila mtu alikuwa na njaa, na mimi nilikuwa na vitumbua. Mtu angesema nini kitaharibika hapo?

Jirani yangu alikuwa fundi baiskeli, mtu wa umri wa baba yangu, aliyevuka Ruvuma na familia yake kutoka Msumbiji. Yeye Mmakonde, sisi Wamakua, na kwetu huo ni utani wa tangu mababu. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu na kukunyang'anya chakula mkononi, nawe huna ruhusa ya kununa. Siku ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kushika jembe kaburini na kuwachekesha waliovimba macho kwa kulia.

Basi huyu bwana kila asubuhi alikuja na mikono yake yenye grisi, akachukua kitumbua cha kwanza kutoka motoni.

"Mmakua, hiki umekipika au umekiokota?"

Mimi nilicheka tu. Kumtukana mtu mzima sikuweza. Nadhani hilo ndilo lililoniponza, maana utani wa upande mmoja si utani, ni kuliwa. Siku ya tatu alikuja na ndugu yake. Wiki ya pili wakaja wengine, kila mmoja anaingiza mkono anasema, "Mtani wako mimi." Mpaka kibarua mmoja kutoka Bukoba naye alikuwa mtani. Sikuwa na moyo wa kumkatalia mtu kitu cha kutia mdomoni. Jua likipanda, nusu ya bakuli imekwenda bure, na mchele wa kesho nauchota kwenye kapu la shangazi.

Shangazi alivumilia, kisha jioni moja akafunika kapu kwa ungo na kuukalia ule ungo.

"Mwezi huu ukiisha na mchele bado unatoka humu," alisema, "kibanda tunakifunga. Utakwenda Mpapura kwa baba yako mdogo ukaokote korosho."

Baba mdogo alikuwa mtu mwema. Lakini niliijua Mpapura: ukienda kuokota korosho msimu mmoja, unaolewa msimu wa pili, na hoteli yako ya Shangani inabaki na meza zake nne hukohuko kichwani.

Nikatafakari kisomi. Nikachukua kipande cha debe, nikakinyoosha kwa jiwe, nikaomba rangi nyeupe kwa jirani wa shangazi aliyekuwa anapaka mlango. Nikaandika kwa herufi kubwa, mwandiko wangu uliosifiwa na mwalimu: HAPA HAKUNA UTANI. Nikakining'iniza mbele ya kibanda, nikarudi nyuma hatua mbili kukitazama. Kilipendeza. Sikujua Mmakua mwingine aliyewahi kufanya kitu cha maendeleo namna ile.

Fundi alikuja kama kawaida. Alikuwa anahudhuria kisomo cha watu wazima, kwa hiyo alisimama akasoma taratibu, kidole kikifuata herufi.

"Ha-pa. Ha-ku-na. U-ta-ni."

Akavua kofia. Mkono aliokuwa ameshaunyoosha akaurudisha.

"Samahani sana, dada," alisema. "Sikujua. Naomba nipite."

Akapita. Kesho yake akaniamkia kwa adabu zote, "Habari za asubuhi, dada, habari za nyumbani," kama ninavyoamkiwa na karani wa posta. Sijawahi kutukanwa namna ile maishani mwangu.

Watani wote wakaacha kuja, nami nikafurahi kwa muda wa kukaanga mkupuo mmoja. Kisha nikaona na wanunuzi hawaji. Akina mama wa mihogo walikuwa wakifika karibu na kibanda wanahamia upande wa pili wa barabara. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, wala hakupunguza sauti:

"Ndiye huyo. Amekataa watani."

"Kwa hiyo akifiwa?"

"Atachimba mwenyewe. Si ana mwiko."

Siku tatu tulikula vitumbua baridi, mimi na shangazi, asubuhi na jioni. Siku ya nne aliacha kutafuna, akaniuliza nimewafanya nini watu. Nikamweleza habari ya kibao. Nilidhani atasifu akili.

"Wewe mtoto," alisema polepole, "tusi la mdomoni linapita na upepo. La kwako umelipaka rangi. Nenda kaombe radhi."

"Nitasemaje?"

"Hutasema. Utatozwa."

Nilikwenda alfajiri, kibao nimekishika kwapani, nikamkuta fundi anajaza upepo tairi. Nikasema nimekosa. Hakuinua kichwa.

"Dada, mimi sina ugomvi na wewe."

"Usiniite dada."

Hapo akaniangalia. Nikaona mdomo wake unajizuia.

"Basi faini," alisema. "Ijumaa asubuhi. Watani waje wale mpaka waseme basi."

Nyumbani mchele wangu uliobaki ulikuwa pishi moja. Mwezi ulikuwa umebakiza siku tano. Wakila pishi lile likaisha, Jumamosi sina cha kupika, na shangazi hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Nilitwanga nikiwa nimeshaanza kuiaga barabara ile. Hata hivyo nilitia nazi mbili badala ya moja. Kama ni kuliwa, niliwaza, wale kitu kizuri.

Ijumaa walikuwa wamejaa mbele ya kibanda kabla moto haujakolea, nikawaona kama ishirini. Mkupuo wa kwanza ulipoiva, fundi alisimama kati yangu na wao, mikono kiunoni.

"Tujuane kwanza," alisema. "Wewe, mtani. Wewe, mtani. Wewe mama yako Mmakonde, haya, mtani." Akafika kwa yule kibarua. "Wewe wa Bukoba, utani na watu hawa umeupatia wapi? Kwenye basi?"

Watu wakaangua kicheko. Yule kijana akacheka pia, akasogea pembeni, na wengine wasio watani wakamfuata mmoja mmoja. Waliobaki walikuwa sita. Fundi akampa kila mmoja kitumbua kimoja, akala chake, akafuta mikono kwenye suruali.

"Tumesema basi. Faini imekwisha. Kuanzia sasa mtani mmoja, kitumbua kimoja, tena cha kwangu kiwe kile kilichoungua."

Nikatazama bakuli. Unga ulikuwa bado mwingi. Nilikuwa nimesimama na upawa hewani, sijui nicheke au nilie, pale lori la Mpapura lilipopunguza mwendo. Fundi akakimbilia barabarani akalipungia.

"Msishuke hapa jamani," alipaza sauti. "Vitumbua vya Mmakua huyu ni vigumu, jana nimezibia tairi."

Lori lilisimama. Abiria walichungulia wakicheka, na mwanamke mmoja mnene akauliza kutoka juu, "Na mwenye kibanda hana mdomo?"

Kila mtu akanigeukia. Shangazi angeniambia nijibu, lakini hakuwepo. 

"Msimsikilize," nilisema. "Huko kwao waliwamaliza panya wote, ndiyo maana alivuka mto. Vitumbua hajavizoea, havina mkia."

Fundi alijishika tumbo akakaa chini kwenye vumbi. Sijui kama nilichosema kilichekesha kiasi hicho, ila yeye alicheka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Yule mwanamke mnene alikuwa ameshashuka.

"Nipe vitano," alisema. "Na umpe na huyo kimoja asije akafa."

Wakashuka wengine nyuma yake, na akina mama wa mihogo wakavuka barabara kuja kusikia kinachochekwa. Bakuli liliisha kabla ya adhana ya adhuhuri. Nikapita dukani mwenyewe.

Shangazi alikuwa anafagia uwanja nilipofika na mfuko wa mchele kichwani.

"Nani amekupa?" aliuliza.

"Nimenunua."

Akaupima uzito kwa mkono, akaniangalia, akaupima tena. Kisha akaingia ndani akaniletea sufuria la kulowekea.