Ndoo Mbili za Adhuhuri

Pale Makote, mtu akipata kisima wenzake wanamwangalia kama kashinda bahati nasibu. Huku juu uwandani hakuna mto wala chemchemi ya karibu. Mvua ikikata mwezi wa tano, ndiyo imekata. Kwa hiyo aliyejaliwa anachimba shimo refu uani, analijengea saruji, anaelekezea mfereji wa bati lake humo, na mdomoni anaweka mfuniko wa chuma na kufuli. Wengine wote wanasubiri madumu ya bodaboda.

Faidha, Mama Kurwa, alikuwa wa madumu. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, mume alishatangulia mbele ya haki, mapacha wake Kurwa na Doto wako bweni Chidya, yeye na mikorosho yake na mgongo unaouma. Nyumba ya jirani alikaa shangazi yake, Bibi Somoe, na Bibi Somoe ndiye alikuwa na kisima.

Basi siku ya Idd ya kuchinja, watu wamekaa uani wanakula, Bibi Somoe akasimama na fimbo yake.

"Sikilizeni. Kisima changu nimempa Faidha. Sio nikifa. Leo."

Watu wakageuka, nyama mkononi. Faidha machozi yakamlenga. "Nimepokea, shangazi. Mungu akulipe."

Mwalimu Mujibu wa madrasa alikuwepo, akasema, "Haya, na ufunguo?"

Bibi Somoe akashika kiuno. Ufunguo alikuwa anauvaa kiunoni, umefungwa kwa uzi mweusi, hautoki hata akioga. "Ufunguo nitampelekea kwa mkono wangu mwenyewe. Msiniharakishe."

Hakuna aliyemharakisha. Bibi Somoe alikuwa hivyo, kila kitu taratibu. Hata salamu. Unamwambia shikamoo, anamaliza kwanza anachofanya, anasogeza kigoda, anafunga kanga, wewe umeshasahau kama ulimsalimia, ndiyo unasikia "Marahaba." Watu walikuwa wanamtania kwamba marahaba yake inakuja kwa mguu kutoka Nanganga kule mbali.

Ila maji hakuchelewesha. Kila adhuhuri, adhana ikimalizika, Faidha akifungua mlango anakuta ndoo mbili zimejaa. Juu zimefunikwa kwa sahani za bati, na ndani ya kila ndoo linaelea jani moja bichi la mkorosho, ili maji yasirukeruke njiani. Mwezi wa sita, wa saba, wa nane. Ufunguo tu ndio haukuja.

Mwezi wa tisa Bibi Somoe akalala mchana, hakuamka.

Faidha alikuwa mmoja wa waliomwosha. Alipofika kiunoni akaukuta uzi mweusi, fundo limekaa vilevile, halijafunguliwa wala kukatwa. Ufunguo haupo. Na uzi ule ulikuwa umelowa, wakati maji ya kuoshea hata hayajafika hapo. Wanawake wakaangaliana. Kisha wakaendelea kuosha.

Siku ya tatu tanga likaanuliwa, watu wakarudi kwao. Siku ya nne Faidha ametoka kuokota korosho, kaswali adhuhuri, kafungua mlango.

Ndoo mbili. Sahani juu. Jani ndani.

Akasimama palepale na kanga ya kuswalia kichwani. Uani alikuwa amefagia asubuhi, mistari ya ufagio bado inaonekana, na hakuna unyayo hata mmoja. Kulikuwa na matone tu, yamepangana kwenye mchanga kama mtu aliyebeba ndoo kwa uangalifu, kutoka mlangoni kwake mpaka kwenye mfuniko wa kisima. Hapo yanaishia. Kufuli limefungwa, limeota kutu.

Akamwaga maji yote chini ya mpapai. Ardhi ikayanywa hapohapo, hata tope halikubaki.

Kesho yake ndoo zikawepo. Keshokutwa zikawepo. Wiki nzima Faidha anamwaga, na huku bodaboda wa maji, kijana mmoja Faruku, anasema madumu yamekuwa shida, foleni ni ndefu, wateja wa korosho nao wanataka. Siku ya nane Faidha akachoka. Akachota kikombe, akasema bismillahi, akanywa. Maji yalikuwa ya baridi mpaka meno yakauma, kama ya friji, na kijijini hakuna friji inayofanya kazi hivyo mchana wa Oktoba.

Alipika nayo. Alifulia. Ila hakumwambia mtu, maana angesema nini?

Sasa mrithi wa Bibi Somoe alikuwa mmoja tu, mwanawe Halfani, mwenye duka Masasi mjini. Yeye na Faidha ni mabinamu, kwa hiyo utani hauishi. Lakini kwenye suala la kisima Halfani hakutania. Alishampigia simu: kiwanja na kisima anataka kumpangisha mtu, kwa hiyo Faidha amwambie ufunguo uko wapi. Faidha akamtumia ujumbe wa sauti WhatsApp, amekaa chumbani, mlango umefungwa, anamweleza taratibu kwamba mama yake alikitoa kile kisima mbele za watu.

Jibu likarudi dakika hiyohiyo.

"Binamu, unaniona mtoto eti. Unaniambia hujui ufunguo ulipo, na huku nyuma nasikia ndoo inagonga ukuta wa kisima. Unachota huku unaongea. Nakuja arobaini na kufuli jipya."

Faidha akausikiliza tena ujumbe wake mwenyewe, simu kaibana sikioni. Kweli. Nyuma ya sauti yake, kamba inateremka. Kimya kidogo. Halafu ndoo inagonga saruji, ko, ko, ko, inapanda.

Nje alipotazama hapakuwa na mtu.

Jioni ile akaenda kwa Mwalimu Mujibu, akamkuta anaanika korosho zake kwenye turubai.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Mama Kurwa. Karibu, ila ukikaa shika kazi."

Faidha akakaa, akawa anachambua korosho mbovu. Akauliza bila kuzunguka. "Kisima ni changu au si changu?"

"Alisema amekupa. Nilisikia. Wewe ulisema umepokea, nilisikia pia. Alikukabidhi?"

"Hapana."

"Ulifungua hata siku moja, ukachota kwa mkono wako, kwa ruhusa yake?"

"Alikuwa ananiletea."

Mwalimu akaweka korosho chini. "Basi hapo ndipo palipokatika. Kwa madhehebu yetu, hiba bila kukabidhiwa haijatimia. Kisima mtu anakabidhi ufunguo, anakuachia, anatoka. Akifa kabla hajafanya hivyo, mrithi anakaa nafasi yake. Halfani akitaka kukutimizia, amefanya jambo kubwa. Asipotaka, hajakudhulumu."

"Na akinikabidhi yeye mwenyewe, shangazi... baada ya kufa?"

Mwalimu akainua macho. "Maiti hana cha kutoa, Mama Kurwa. Kila kitu alishakiacha. Kwa nini unauliza?"

"Nimeuliza tu."

Siku moja kabla ya arobaini, ndoo zikaja kama kawaida. Faidha akazamisha kikombe kwenye ya pili, kikagonga kitu chini. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, baridi ikamshika mpaka bega, akatoka na ufunguo. Ule ule. Unang'aa kama umesuguliwa na mchanga.

Alikaa nao kizingitini mpaka kivuli cha mpapai kikamfikia. Hesabu yake ilikuwa nyepesi kabisa. Kesho watu wote watakuwepo. Aseme neno moja tu: shangazi alinipa huu wiki ile kabla hajafa. Nani atabisha? Ufunguo anao. Watu wa Idd ni mashahidi. Hata Mwalimu Mujibu atasema imetimia. Kisima chake, mgongo upumzike, watoto wakirudi likizo waoge mpaka wachoke. Na si alisema atauleta kwa mkono wake? Ameuleta.

Kilichomkwaza ni hicho hicho. Mkono gani?

Arobaini ikasomwa, hitima ikaisha, sinia za pilau zikaanza kuzunguka. Halfani alikuwa ameshawasili, mfuko wa kufuli jipya uko miguuni.

"Mwizi wa maji hajambo?"

"Hajambo, bwana duka. Bado unauza chumvi iliyolowa?"

Watu wakacheka. Faidha hakukaa. Akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo, akauweka kwenye mkeka mbele ya Halfani. 

"Huu nimeukuta jana ndani ya ndoo ya maji iliyowekwa mlangoni kwangu. Shangazi hakunikabidhi alipokuwa hai. Mungu anaona. Sisemi uongo juu ya maji nitakayotawadhia."

"Aliyeiweka ndoo nani?" akauliza Halfani.

"Anayeiweka kila siku."

Halfani akacheka peke yake. Akauchukua ufunguo, akaudondosha, akapuliza vidole. "Mbona wa baridi hivi?" Halafu akaenda kisimani, watu nyuma yake na mikono ina mafuta ya pilau. Kufuli lilikuwa na kutu ya kumeguka, lakini ufunguo ulizunguka kama umetiwa mafuta. Wakainua mfuniko. Buibui alikuwa ameufuma mdomo wote wa kisima, utando mzima, haujatobolewa popote.

Halfani akawasha tochi ya simu, akamulika.

Kikavu. Chini vumbi tupu, na ufa kwenye ukuta unaopitisha mkono. Ndoo ya kamba imelala kifudifudi, imetapakaa mavi ya mijusi.

Nyuma ya watu Faruku wa bodaboda akaanza kuongea, macho chini. "Bibi alinikataza nisiseme. Kilipasuka mwezi wa saba, maji yakaondoka yote. Tangu hapo nikawa namletea madumu mlango wa uani kila siku, anajaza ndoo anampelekea Mama Kurwa. Alisema, mimi nimeshampa kisima, sasa nitamkabidhi shimo? Kizibwe kwanza, kijae, ndiyo nipeleke ufunguo."

Faidha akamgeukia. "Kwa hiyo ulikuwa wewe."

"Mpaka alipofariki, mama. Naapa. Tangu siku ile sijaleta hapa hata dumu moja."

Upepo ulipita juu ya mdomo wa kisima, na kisima kikatoa sauti ya kuguna, ndefu. Watu wakarudi nyuma hatua mbili kwa pamoja. Halfani akamshika Faidha mkono, akaubonyeza ufunguo kiganjani mwake, akavifunga vidole vyake kimoja kimoja.

"Kisima ni chako. Nakupa na nakukabidhi, mbele ya watu hawa wote."

"Nimepokea," akasema Faidha.

Mwalimu Mujibu akakohoa. "Halfani, unatoa kwa ridhaa au kwa woga?"

"Vyote viwili, mwalimu. Kuna tatizo?"

"Ridhaa ikiwa kweli ipo..."

"Ipo. Imetangulia mbele, woga unaisukuma."

Siku ya pili adhuhuri Faidha alifungua mlango, hakukuta ndoo. Wala siku zilizofuata. Ufa ukazibwa kwa saruji, Faruku akisaidia kukoroga na hakutaka kulipwa, na kufuli jipya la Halfani likaishia kwenye mlango wa nyumba ya marehemu. Desemba ikanyesha mvua kubwa mara nne, kisima kikajaa mpaka shingoni.

Maji ya kwanza Faidha hakuyanywa. Alichota ndoo mbili, akatia jani la mkorosho kila moja, akafunika sahani. Adhana ya adhuhuri ilipokwisha akavuka ua, akaziweka kwenye kizingiti cha nyumba iliyofungwa.

"Shikamoo shangazi."

Kimya. Akarudi kwake akaswali.

Alipokuja kuzichukua, zilikuwa palepale na sahani zake. Akainua ya kwanza. Tupu, kavu mpaka kwenye mshikio, na jani limekauka kama la kiangazi. Ya pili vilevile. Akazipachika mkononi, akageuka aende, alishapiga hatua nne au tano.

Nyuma ya mlango wenye kufuli kigoda kikasogezwa, taratibu.

"Marahaba."